Kabla hujapeleka kamera kwa bata

Kwanza futa ndoto: yule bata maji mweupe mwenye shingo ya kupinda, wa kwenye kalenda za Ulaya, porini Uganda humpati. Utampata bata bukini wa Misri, bata wa uso mweupe anayepiga mluzi, na kule kwenye kinamasi cha Mabamba, ukiwa na bahati, korongo domokiatu akivizia kamongo. Wanatosha.

Betri mbili, zote zimejaa. Kitambaa cha lenzi. Kavera nene, yaani mfuko wa plastiki, la kufunikia kamera mvua ikianza.

Ondoka gizani, hasa kama unavuka na feri ya Nakiwogo kwenda Buwaya halafu upande bodaboda hadi Mabamba. Hapa ikweta jua halina subira. Ikifika saa tatu maji yanang'aa kama bati jipya, na ule uso mweupe wa bata unatoka umeungua kwenye picha. Mtumbwini vaa jaketi la kuokolea, hata mwenye mtumbwi akikucheka, na usisimame. Miguu usiiingize majini. Kichocho hakichagui mpiga picha.

Kisha angalia kilicho nyuma ya ndege. Hapa ndipo nilipoungua mimi.

Nilikuwa ukingoni mwa Nile, si mbali na Jinja. Bata bukini wawili walikuwa wanavusha vifaranga saba, mama mbele, baba nyuma, na wa mwisho anachapa maji kwa haraka kama mtoto aliyechelewa shule. Nikalala kifudifudi kwenye tope. Nyuma yao palikuwa na ukuta wa kijivu, nikaufurahia: utatoka ukungu mzuri. Sikujiuliza ukuta wa nini. Ulikuwa wa bwawa la umeme.

"Wewe! Kuja hapa."

Huku kwetu, ukiitwa kwa Kiswahili cha namna ile, hugeuki ukitabasamu. Nikainuka, tope hadi kidevuni. "Afande, napiga bata tu."

"Unapiga bata? Ruhusa ya kuwinda iko wapi?"

Nikadhani utani. Haukuwa. Lenzi ndefu ukiiona kwa mbali ni kama bomba la kitu kingine kabisa. Nikakalishwa kwenye benchi saa mbili nzima, kisha ikaja amri: futa yote. Na kadi ilikuwa ile ile moja niliyoanza nayo Mabamba siku tatu nyuma. Domokiatu alikuwamo, mkia wa kamongo ukining'inia mdomoni. Nikabonyeza mara moja tu.

Kwa hiyo: madaraja, mabwawa na kambi, geuza lenzi upande mwingine, hata bata wapange foleni. Beba kitambulisho. Pitia kwa mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, ujitambulishe kabla hujatoa kamera kwenye begi, si baada. Kadi ibadilishe kila siku, na picha zinakili usiku ule ule, usingizi utasubiri.

Mwenye mtumbwi asikimbize ndege ili waruke, na watoto usiwape shilingi mia tano warushe mawe. Picha ya bata anayekimbia ni picha ya mgongo. Mawingu yakijikusanya ziwani, geuzeni, hata kama ndiyo kwanza wanatua. Mafunjo yakitikisika bila upepo, rudi pia. Na nyumbani wajue umeelekea wapi. Na kofia. Na maji ya kunywa.