Jinsi ya Kulisoma Gofu Kabla Hujalipiga Picha

Wengi wakifika kwenye mahame hukimbilia kamera. Mimi hukimbilia jikoni, kwa sababu jikoni ndiko kunakosema wenyewe waliondokaje.

Ila kwanza ruhusa. Kolmanskop, mji wa almasi uliohamwa nchini Namibia, imo ndani ya eneo la almasi lililozuiwa, na huingii bila kibali. Hashima, kisiwa cha Japani ambacho mgodi wake wa makaa ya mawe ulifungwa mwaka 1974, unashuka na kundi la watalii na kupita njia iliyotengwa tu. Usinung'unike, kuta zile zinaporomoka kweli.

Ukiwa ndani, sakafu ya mbao usiiamini. Tafuta mstari wa vichwa vya misumari: chini yake kuna boriti, na hapo ndipo pa kukanyaga. Mimi nilikata katikati ya chumba macho yakiwa darini, ubao ukameguka, nikazama hadi gotini. Kovu ninalo. Tembea kandokando ya ukuta, usiende peke yako, na barakoa uvae. Kinyesi cha popo na vumbi la asbesto si mchezo.

Haya, jikoni. Ukiona ukutani mstatili ambao rangi yake haijapauka, hapo palisimama kabati, na kuna mtu alilibeba. Huyo alihama kwa mpango. Kolmanskop ilikufa hivyo: almasi nono zaidi zilipopatikana kusini, watu wakaondoka kidogo kidogo, na kufikia 1956 wenyeji waliobaki ni mchanga.

Vyombo vikiwepo, usikimbilie kusema mkasa. Pripyat, Ukraini, mji wa jirani na kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilicholipuka, ni kweli: tarehe 27 Aprili 1986 wakazi waliambiwa wanaondoka kwa muda tu, wakaacha karibu kila kitu. Lakini kule Bodie, California, mji wa dhahabu, vitu vilibaki kwa sababu kuvisafirisha kuligharimu kuliko thamani yake. Umaskini wa barabara tu.

Halafu kuna uongo. Wanasesere wa Pripyat waliovishwa barakoa za gesi wamepangwa na wageni wapiga picha. Kuupima uongo huo ni rahisi: laza tochi sakafuni, mwanga upite juu ya vumbi. Kitu kilichosogezwa huacha pembeni yake umbo lake lenye vumbi jepesi, mahali kilipolala miaka yote. Anza kupiga picha hapo.