Kurekodi magitaa mazito ya albamu ya metali ukiwa Mwanza

Mkishusha uzi mnene hadi C na zile tano nyingine toni moja, seti ya nyuzi ya 9–42 (unene kwa elfu za inchi) italegea na kuyumba. Funga 11–54 au 12–56, rekebisha intonesheni (noti ziwe sahihi shingo nzima), kisha tyuni kabla ya kila teki, yaani kila mara mnaporekodi.

Maikrofoni ya Shure SM57 inatosha. Isimamishe kama sentimita 3 kutoka kwenye wavu wa spika, pembeni kidogo ya katikati ya koni. Katikati kabisa sauti inachoma masikio, ukingoni inafifia.

Kifungu kilekile kipigwe mara 2, kimoja kushoto, kingine kulia. Kunakili faili ni kujidanganya: nakala mbili zinazofanana zinarudi katikati kama gitaa moja. Distosheni (mkwaruzo wa sauti) ipunguzwe kuliko mnavyoipenda mazoezini, maana ikirudufiwa inageuka uji na mapigo ya nyuzi hayasikiki. Rekodi kwa biti 24, vilele vya sauti vikicheza kati ya -12 na -6 dB. Masafa ya chini ya Hz 80 kata, waachieni besi na ngoma kubwa.

Ukisikia muungurumo, chomoa chaja ya laptopu. Ukikoma, kosa liko kwenye waya wa ardhi. Chomekeni kila kitu kwenye ekstensheni moja yenye ardhi.

Chini ya mabati, msimu wa mvua wa Machi hadi Mei rekodini gitaa tu, maana kelele za mvua zitaingia kwenye sauti ya mwimbaji. Yeye asubiri kiangazi cha Juni.

Mchanganyo usikilizeni pia kwa mono (kushoto na kulia vikiunganishwa kuwa kimoja), kwenye simu: gitaa likipotea hapo, abiria wa bajaji Kirumba hatalisikia.