Kumodeli kwa kompyuta boriti ndefu ya chuma ikiwa inaning'inia kwenye kreni

Mara ya kwanza kufanya hii kitu nilifunga ncha zote mbili za boriti kama vile imekaa juu ya nguzo, majibu yakatoka matamu kweli, foremani akachungulia skrini akaniuliza, "Injinia, sasa hii imening'inia wapi?" Nikabaki namwangalia tu.

Haya, chukua UB 610x229x101 (boriti ya umbo la I, kilo 101 kwa mita) ya mita 24, kama tani 2.4 hivi. Programu ya kukokotoa kama Abaqus au ANSYS inatosha.

Hatua ya 1, kikokotoleo kwanza. Slingi (kamba za kuinulia) zifungwe asilimia 20.7 ya urefu kutoka kila ncha, hapa karibu mita 5, maana hapo momenti (nguvu ya kupinda) ya kwenye slingi na ya katikati zinalingana, kNm 12 kila moja. Ukishika nchani kabisa ya katikati inaruka mpaka 71! Uzito wote ni kN 23.8, andika pembeni.

Hatua ya 2, jenga kwa elementi za sheli (vipande vidogo vya bamba jembamba), webu (bamba la wima la katikati) na flanji zake mbili (mabamba ya juu na chini). Zile elementi za kawaida za boriti usizitumie hapa, hazioni flanji zikijisokota na boriti ya I ikiwa hewani ugonjwa wake ndo huo.

Hatua ya 3, slingi ziwe trasi za kuvuta tu (vijiti vinavyobeba mvuto, si mgandamizo), zitoke flanji ya juu zikutane nodi (nukta) moja, hiyo ndo ndoano, na ndo nodi pekee unayoifunga. Kwa nyuzi 60 kutoka usawa kila slingi inavuta kN 13.7 na boriti inabanwa kN 6.9, kwa nyuzi 30 inakuwa 23.8 na 20.6. Shida nyuzi 60 inataka ndoano iwe mita 12 juu ya boriti, 30 inataka 4 tu, kreni ikiwa fupi unajua watu wa saiti watachagua ipi.

Hatua ya 4, weka graviti, ran (endesha hesabu). Itagoma, itakwambia matriksi ni singula, yaani kuna kitu kiko huru kutembea. Iko sahihi kabisa, boriti inabembea! Usiongeze sapoti, weka springi laini za pembeni kila ncha, flanji ya juu na ya chini, na moja ya mbele-nyuma. Mi nilianza na N/mm 1 kumbe ni nyingi, boriti yenyewe ukiisukuma pembeni katikati ugumu wake ni kama 21 tu, kwahiyo tumia 0.01, afu ipunguze mara kumi uone kama jibu linahama. Nguvu ndani ya springi iwe karibu sifuri, ndoano isome 23.8.

Hatua ya 5, bakilingi, yaani boriti kukunjika pembeni ghafla. Stresi zitakuwa ndogo mpaka utacheka, usidanganyike, angalia modi ya kwanza (umbo la kwanza la kukunjika), flanji ikikimbia pembeni huku webu inalala ndo yenyewe. Kizidisho (mzigo uzidishwe mara ngapi ndo ikunjike) kikija chini ya 3 mi nasogeza slingi au naomba sprida (fito ya kutenganisha slingi), afu narudia kuanzia hatua ya 3.