Fangasi ukeni na tendo la ndoa: kwa dada aliyeko Uingereza

Dada, kwenye duka la dawa Uingereza fangasi ya ukeni wanaiita thrush. Ukiona haya kulitamka mbele ya foleni, omba kuzungumza na mfamasia faraghani. Ikiwa ni mara yako ya kwanza, una mimba, una umri chini ya miaka 16 au zaidi ya 60, au imekupata zaidi ya mara mbili ndani ya miezi 6, nenda kwa daktari kwanza.

Hakikisha ndiyo yenyewe. Fangasi huwasha, mashavu ya uke huvimba, mkojo huchoma ukipita, na uchafu huwa mweupe mzito kama maziwa mgando, bila harufu kali. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo usiusubiri. Harufu ya samaki kwa kawaida inatokana na bakteria. Uchafu wa kijani au njano wenye povu unaweza kuwa trikomona, ugonjwa wa zinaa unaoletwa na kimelea. Vyote viwili vina dawa zake, na ya fangasi haiviponyi.

Dawa ya fangasi ni kidonge cha kupachika ukeni cha klotrimazoli miligramu 500, ambacho huwekwa mara moja tu, usiku. Lala chali, kunja magoti, kisukume ndani kadiri uwezavyo bila kuumia, kisha usiinuke. Ukikipachika asubuhi halafu ukaenda zamu, kitaishia kwenye chupi. Usianze ukiwa hedhini, maana damu hukiosha. Kipo pia cha kumeza, flukonazoli miligramu 150, lakini mjamzito asikiguse, na anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie mfamasia.

Sasa tendo la ndoa. Fangasi haihesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa. Inaweza kukuzukia baada ya antibayotiki, kwa sababu ya mimba au kisukari, kwa hiyo msishukiane ndani ya nyumba. Mume hahitaji dawa, ila akiwashwa au akipata wekundu kwenye uume. Hata hivyo subirini dalili ziishe, kwa kawaida siku 7 hadi 14. Ngozi iliyovimba huchubuka kwa msuguano, na maumivu huanza upya. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni hili: klotrimazoli ya kupachika au ya kupaka hudhoofisha mpira wa kondomu. Usiitegemee kondomu kuzuia mimba wala maambukizi wakati wa dawa na hadi siku 5 baadaye.

Tunakusihi uache shabu, limau, kitunguu saumu na kujifukiza udi huko chini. Vinaunguza ngozi ambayo tayari ina vidonda vidogo. Sabuni isiingie ndani, maji matupu yanatosha kwa nje. Wakati wa baridi, taitsi nene juu ya chupi ya nailoni hufungia joto na unyevu. Vaa pamba, na ukifika nyumbani vua.

Ikigoma baada ya siku 14, nenda kliniki ya afya ya uzazi na magonjwa ya zinaa ukapimwe. England kipimo na matibabu ya magonjwa ya zinaa ni bure hata kama viza yako ina utata.