Umefanyiwa opareshini ya ligamenti ya goti? Hivi ndivyo unavyolinganisha mashine kabla hujalipia

Ukitoka opareshini ya ACL, yaani ligamenti ya mbele iliyo ndani ya goti, kila mtu atakushauri mashine yake, huyu ya baridi, yule ya umeme, mwingine anakutisha kwamba bila mashine ya kukunja mguu goti litaganda. Usizilinganishe kwa bei wala kwa muonekano. Jiulize kwanza wiki hii goti linasumbuliwa na nini hasa, ni maumivu na uvimbe, ni kutonyooka, au ni paja kukosa nguvu, maana kila mashine ina kazi yake na watu wengi wanalipia isiyowahusu kabisa.

Siku za mwanzo shida ni maumivu na uvimbe. Mashine inayozungusha maji baridi huku inabana goti inasaidia kweli, ila barafu ya kawaida na bandeji vinafanya kazi ileile, tofauti kubwa ni kwamba mashine haikuhangaishi. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, weka kitambaa katikati, na kuwa makini kwa sababu ngozi karibu na mshono mara nyingi ina ganzi, baridi inaweza kukuunguza na usisikie.

Ile ya kukunja na kunyoosha mguu yenyewe, CPM, mimi ningeipita. Zamani ilitumika sana lakini tafiti hazikuona faida ya kudumu kwa wagonjwa wa ACL ukilinganisha na wanaokunja wenyewe, kwahiyo labda daktari wako awe na sababu maalum. Goti linahitaji kunyooka kabisa, mpaka nyuzi sifuri, mapema, na kwa hilo taulo iliyokunjwa chini ya kisigino, goti likiachwa lishuke lenyewe, inatosha.

Sasa ya umeme unaokaza msuli, NMES, hii ndiyo ningeipa kipaumbele, hasa wiki 6 hadi 8 za mwanzo. Baada ya opareshini, uvimbe na maumivu vinafanya mishipa ya fahamu iufungie breki msuli wa mbele ya paja, unauambia kaza na wenyewe umetulia tu. Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, atakubandika padi kubwa mbili, moja juu ya paja upande wa nje, nyingine chini upande wa ndani juu kidogo ya goti, umeme unakuja kama sekunde 10 halafu unapumzika kama 50, mara 10 hadi 15. Na wewe kaza pamoja nao, usilale ukaangalia simu! Ukiona msuli umejaa na pia ya goti inavutwa kuelekea pajani, hapo imekolea, ukisikia kuwashwawashwa tu bado nguvu ni ndogo. Halafu usiuziwe TENS ukidhani ndiyo hiyo, padi na waya vinafanana lakini TENS ni ya kutuliza maumivu, haijengi paja. Mwenye pacemaker, kile kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, asiguse umeme kabla ya kuongea na daktari wake.

Mkanda wa kupunguza damu pajani, BFR, ni wa pale ambapo goti bado haliwezi uzito mkubwa. Unatumia 20 mpaka 30% tu ya uzito mkubwa kabisa unaoweza kunyanyua mara moja, unafanya mara 30 halafu 15, 15, 15, pumziko sekunde 30, na paja linaungua kama umebeba chuma kizito. Presha lazima ipimwe na fizio, kawaida 40 hadi 80% ya ile inayoziba damu kabisa, usijifunge kamba nyumbani. Uliwahi kupata damu kuganda mguuni? Achana nao mpaka daktari aseme.

Ukishachagua, pima. Lala chali, kaza paja, nyanyua mguu ukiwa umenyooka: goti likilegea na kukunjika kidogo, paja bado halijaamka. Rudia kila wiki, usipoona mabadiliko mwambie fizio abadilishe mpangilio kabla hujaongeza hela. Na hakuna mashine inayoharakisha ligamenti mpya kushika, kurudi uwanjani mapema kabla ya miezi 9 kunaongeza hatari ya kuumia tena, hata ukijisikia fiti, na mguu uliopasuliwa uwe umefika angalau 90% ya nguvu ya mwenzake.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, ukipata homa, au kifua kikibana na pumzi kukata, zima kila kitu uende hospitali saa hiyohiyo.