Kupiga picha za kila siku hapa Dar: anza na njia unayopita

Watu wengi wakisikia mtu anapiga picha kama hobi wanawaza kamera ya mamilioni na safari ya Serengeti au Zanzibar. Sasa mi nasema hivi, kama una simu yenye kamera inayoeleweka na una njia unayopita kila siku kwenda kazini au chuo basi umeshakamilika, tena hiyo njia ndo ina utamu kuliko Serengeti, maana Serengeti utaenda mara moja utapiga simba kama kila mtu alivyompiga, ila kona ya mtaani kwenu hakuna anayeijua kama wewe.

Chagua sehemu moja tu. Inaweza kuwa genge, kituo cha daladala, kibaraza cha fundi cherehani, daraja la waenda kwa miguu pale kwenye mwendokasi, popote ambapo unaweza kusimama dakika 5 bila kuwa kero kwa mtu. Alafu irudie. Leo asubuhi, kesho jioni, siku nyingine mvua imetoka kunyesha. Utashangaa kitu ulichokipita miaka kinaanza kuonekana, kivuli cha nguzo kinavyokata ukuta, rangi ya mlango wa duka, yule mzee anayekaa na gazeti lake sehemu ileile kila siku.

Kabla ya yote futa lenzi. Nasema kweli, futa lenzi, simu imekaa mfukoni na jasho la Dar alafu unalalamika picha ina ukungu. Tumia kitambaa laini cha pamba kikavu. Na kama umetoka kwenye ofisi yenye AC kali au gari lenye AC ukaingia nje kwenye joto, lenzi inapata ukungu palepale kwa sababu kioo ni cha baridi na hewa yetu ina unyevu mwingi, usihangaike kufuta futa, subiri dakika chache ipate joto itaisha yenyewe. Ukiwa baharini ndo zaidi, upepo unaleta chumvi na inaganda kwenye kioo, ukirudi nyumbani pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo kwanza ndo ukaushe, ukisugua kavu utaikwaruza.

Sasa mwanga, hapa naomba tukae kidogo maana ndo kazi yenyewe. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta kwa hiyo jua letu halina mambo mengi, mwaka mzima linachomoza kati ya saa 12 kasoro dakika chache na saa 12 na dakika 40 hivi asubuhi, na linapanda haraka. Ule mwanga laini wa rangi ya dhahabu unaupata mpaka kama saa 1 na nusu basi umeisha. Jioni ni hivyohivyo, kuanzia saa 11 na nusu uwe umeshajipanga, jua likizama giza linaingia chapchap.

Asubuhi hiyo mtafute mama wa vitumbua. Simama upande, usisimame mbele yake, jua liwe linaingia kutoka ubavuni mwake, hapo moshi wa mkaa unashika mwanga na unaonekana wote, mafuta yanang'aa kwenye vile vishimo vya chuma, na ule mda anapokigeuza kitumbua upande mmoja umeshakuwa wa kahawia na mwingine bado mweupe ndo mda wa kubonyeza. Sogea karibu kwa miguu yako, usitumie zumu ya simu, nyingi zinakata picha tu na kuikuza mpaka inavunjika.

Kuanzia saa 4 mpaka saa 9 jua linachoma na picha za watu nje zinakuwa ngumu. Mwanzoni mwa mwezi wa 3 na kwenye tarehe 10 mwezi wa 10 hivi jua la mchana linapita juu ya utosi kabisa, kivuli chako kinaishia chini ya viatu na macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Dawa yake ni kivuli. Mweke mtu chini ya mwembe au chini ya mwavuli wa machinga pale Kariakoo, karibu na ukingo wa kivuli, uso wake utazame nje kwenye mwanga, na kama ng'ambo ya barabara kuna ukuta mweupe ndo safi zaidi kwa sababu unarudisha mwanga laini usoni kwake.

Na hili la ngozi zetu. Ukimpiga mtu mweusi na nyuma yake kuna anga jeupe, simu inaangalia anga na uso unakuwa giza tupu. Gusa usoni kwenye kioo ili fokasi ikae pale, alafu pandisha ile alama ya jua mpaka uone uso, hata anga likiungua kidogo acha liungue. Na zima ile setingi ya urembo, inalainisha watu na kuwafanya weupe wasiokuwa wao, mi inaniuma sana kuona mama wa watu kapauka kwenye picha yake mwenyewe.

Kwa wanaopenda jua na maji, Coco Beach inatazama mashariki, pale ni pa kuchomoza. Ukitaka machweo juu ya maji nenda upande wa pili wa rasi ya Msasani, pale Slipway, au vuka na pantoni uwe upande wa Kigamboni, jua linashuka nyuma ya maghorofa ya mjini na yote yanakuwa vivuli vyeusi.

Watu uwaombe. Salamu kwanza, shikamoo mama, za kazi, alafu naomba nikupige picha ukiwa kazini, akikataa sema asante na uendelee na safari yako. Akikubali mrushie kwa WhatsApp siku hiyohiyo, usimwambie ntakutumia alafu ukapotea. Ukirudi wiki ijayo utaitwa kwa jina na wenzake watataka na wao. Watoto muombe mzazi. Kambi za jeshi, Ikulu, vituo vya polisi na bandarini usinyanyue simu kabisa, na mlinzi yeyote akikwambia acha, acha. Ukiwa barabarani mgongo uwe kwenye ukuta na simu ishike kwa mikono miwili, vishandu, wale wanaopora simu, wanapita na pikipiki na hawapigi hodi.

Ukishazoea jaribu vinavyotembea. Ingia kwenye ile modi ya pro, ile unayopanga setingi mwenyewe, kama simu yako inayo, weka spidi ya shata 1/30, yaani sehemu moja ya 30 ya sekunde, mfuate bajaji inayopita kwa kuzungusha kiuno na sio mikono tu, bonyeza huku unaendelea kumfuata. Nyingi zitaharibika ila ile moja itakayotoka, bajaji imesimama safi na mtaa wote nyuma umekuwa mistari, utaiangalia siku nzima! Baada ya mvua inama chini kabisa karibu na dimbwi, taa za magari zinaingia zote mle ndani.

Kuediti usizidishe, Snapseed ni ya bure na inatosha, nyoosha mstari uliopinda, ongeza mwanga kidogo kwenye vivuli, basi. Mwisho wa wiki kaa chini uchague, futa zinazofanana, bakiza zile ambazo ukiziangalia unasikia kitu.

Alafu print, tafadhali print, simu zinaibiwa na zinaingia maji na picha zinaenda nazo. Nenda na faili lenyewe la kwenye simu au kwenye flashi, usichukue iliyopita WhatsApp maana inakuwa imeshabanwa, na mwambie wa studio azime ile ya kurekebisha rangi yenyewe, isije ikawapausha watu uliohangaika kuwapiga vizuri. Toa kopi mbili, moja yako, nyingine mpelekee mwenyewe.