Jinsi ya Kuongoza Mjadala wa Riwaya ya Mahasimu Wanaosafiri Katika Wakati

Riwaya fupi ya Amal El-Mohtar na Max Gladstone iitwayo This Is How You Lose the Time War, iliyochapishwa mwaka 2019, huwagawa wasomaji kuliko vitabu vingi vya kimo chake. Ina kurasa zinazokaribia 200 tu, na bado katika kikao kimoja utamkuta aliyeimaliza usiku mmoja huku akifuta machozi, ameketi karibu na mwenzake aliyeirudisha rafuni baada ya sura ya tatu kwa kuwa hakuelewa nani anapigana na nani, wala kwa nini. Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuongoza kikao cha namna hiyo hapa Nairobi, iwe ni katika maktaba ya mtaa, sebuleni kwa mtu kule Umoja au katika chumba cha nyuma cha mkahawa mjini, bila kukiacha kigeuke kuwa kura ya waliopenda na wasiopenda.

Kazi huanza majuma kadhaa kabla ya siku yenyewe, pale unapoamua wanachama waambiwe nini kuhusu kitabu. Mwezi Mei mwaka 2023 shabiki mmoja wa katuni za Kijapani aliandika kwenye Twitter akiwahimiza watu wakisome bila kutafuta habari zozote kukihusu, na ujumbe huo ukakipandisha kitabu kilichokuwa na umri wa karibu miaka minne hadi miongoni mwa vile vilivyokuwa vikiuzwa zaidi Amazon. Baadhi ya wanachama wako watakuwa wameusikia ushauri huo na watataka ufuatwe. Kwa maoni yangu, unamfaa msomaji aliye peke yake kitandani ambaye, akichoka, hana wa kumwomba radhi; kikundi kinachotarajiwa kukutana siku maalumu kinahitaji kushikwa mkono kidogo, la sivyo nusu yao watafika wakiwa hawajavuka ukurasa wa thelathini.

Waambie mambo machache tu. Kuna majasusi wawili, Red na Blue, wanaotumikia pande mbili zinazopigania wakati wenyewe: upande wa Red umejengwa juu ya mitambo na teknolojia, upande wa Blue juu ya viumbe hai na mimea, na kila mmoja hutumwa katika zama mbalimbali kupindisha historia ili upande wake ndio uzaliwe mwishoni. Sura hupokezana: mmoja yuko kazini, anakutana na barua ya hasimu wake, kisha tunaisoma barua hiyo, halafu zamu inahamia kwa mwingine. Waambie pia, na hili ndilo linalosahaulika zaidi, kwamba kuna mtu wa tatu anayefuata nyuma akikusanya mabaki ya barua hizo, na kwamba wasimpuuze kila anapopita.

Jambo jingine la kusemwa mapema ni kwamba wahusika wote wawili ni wa kike na mapenzi yao ndiyo kiini cha hadithi. Katika mji huu wako watakaolisoma hilo kwa moyo mweupe na wako watakaosita kwa sababu ya dini au malezi. Anayejua mapema huamua mwenyewe kuja au kutokuja. Anayeshtukizwa ukurasani hufika akiwa na hasira iliyokwisha kuiva, na saa nzima ikaliwa na jambo ambalo ndani ya riwaya yenyewe si mgogoro hata kidogo, kwa kuwa kinachowatenganisha Red na Blue ni vita na utiifu wao kwa wakubwa wao.

Kuhusu nakala, uliza kwenye maduka ya vitabu mapema, kwa maana kitabu cha kuagizwa huchukua muda wake, na kukipata kwenye vitabu vya kuinama, vile vilivyokwisha kutumika vinavyotandazwa chini kando ya barabara, ni bahati ya mtu mmoja, si mpango wa kikundi. Toleo la kusikiliza lina muda wa takriban saa nne na huwafaa sana wanaokaa kwenye foleni ya magari kila jioni. Wizi wa nakala za kutumiana kwenye WhatsApp ukatae waziwazi. Panga kikao Jumamosi alasiri, kiishe kabla ya giza, ili anayerudi Rongai au Kitengela asianze kutazama saa wakati mazungumzo yanapokolea.

Sasa tuje kwenye kikao chenyewe. Usianze kwa kuuliza watu wamekionaje kitabu. Swali hilo huzaa hukumu, na hukumu ikishatamkwa mbele ya watu mwenyewe huilinda hata kama haiamini sana. Uliza badala yake: ulikiweka chini ukurasa gani, na nini kilikufanya ukiweke? Kila msomaji ana mahali hapo, hata yule aliyekipenda kupita kiasi, kwa kuwa naye wakati fulani alilazimika kusimama ili apumue. Andika namba za kurasa ubaoni au kwenye karatasi kubwa ukutani, bila majina. Mara nyingi zitajikusanya mahali pawili: kundi moja mwanzoni kabisa, jingine karibu na mwisho, na katikati wachache.

Wale wa mwanzoni wana malalamiko ya haki, nawe usijifanye wakili wa waandishi. Riwaya inafunguka kwenye uwanja wa vita vilivyokwisha, Red akiwa amesimama kati ya maiti, na pale anakuta barua inayoagiza ichomwe kabla ya kusomwa. Hakuna anayeeleza chombo cha kusafiria, wala sheria za safari, wala chanzo cha vita. Msomaji aliyelelewa na hadithi za kisayansi za jadi, zile zilizofuata njia ya H. G. Wells na mashine yake ya mwaka 1895, hukaa akingojea mashine hiyo ielezwe, na inapokosekana huona ametapeliwa. Mwulize swali moja tu la kufuatilia: ni kitu gani ambacho, kama kingeelezwa, ungekubali kuendelea? Nimeona jibu likibadilika mdomoni mwa anayelitoa. Anaanza kwa kutaka kujua namna wanavyosafiri, lakini akiendelea kusema hugundua kwamba alichotaka hasa ni kujua kila mmoja ana nini cha kupoteza akikamatwa. Hilo kitabu kinalo, ila kinalitoa polepole, na hapo mwenzake aliyefika mbali zaidi atakuwa na la kumwambia bila kumdharau.

Malalamiko ya pili huhusu lugha, na hayo yanahitaji kutendwa zaidi ya kujadiliwa. Mkazi wa Nairobi anasoma Kiingereza cha ofisini kutwa, lakini Kiingereza cha barua hizi ni cha mapambo, kimejaa mafumbo, utani wa kifasihi na sentensi zinazojikunja. Macho yaliyozoea kuruka juu ya taarifa huteleza. Kwa hiyo zisomwe kwa sauti. Chagua wasomaji wawili, uwakalishe pembe mbili zinazotazamana, kila mmoja asome barua za mhusika mmoja. Mbili au tatu kila upande zinatosha. Baada ya kila barua nyamazeni kidogo, kisha mwanachama asiyekuwa msomaji aieleze kwa Kiswahili chake, si kwa kuitafsiri neno kwa neno bali kwa kusema mwandishi wa barua anataka nini na anaficha nini. Kikundi kikishazoea, waulize kama wanasikia tofauti kati ya sauti hizo mbili. Baada ya kujibu, na si kabla, waambie kwamba Gladstone ndiye aliyeandika upande wa Red na El-Mohtar upande wa Blue. Ukiitoa habari hiyo mapema, kila mtu atadai ameisikia tofauti.

Jihadhari na msomaji wa barua peke yake. Tulikuwa na kijana mmoja aliyekuja na nakala iliyopigwa mistari ya penseli kila barua, mistari safi iliyonyooka kama ya daftari la hesabu, na kurasa za katikati ya barua zikiwa nyeupe kabisa. Alizungumza vizuri kuliko wote kuhusu mapenzi yale. Mtu mwingine alipomtaja yule mfuasi anayekusanya mabaki, kijana akafunua kurasa mbele na nyuma, akanyamaza, kisha akaomba aazimwe kalamu. Usimkemee mtu wa namna hiyo, kwa sababu kuruka kwake kunaonyesha kwamba barua zinaweza kusimama zenyewe. Mpe tu orodha ya mahali mfuasi anapojitokeza, arudie hizo kabla ya kikao kuisha.

Sehemu ambayo ningeipa muda mrefu kuliko zote ni hii: upinzani uligeuka mapenzi wapi? Gawa vipande vya karatasi, kila mmoja aandike barua ambayo, akiifikia, aliamini kwamba hawa wawili wanapendana, kisha zitiwe kwenye bakuli na kusomwa moja moja. Utashangaa jinsi zinavyotawanyika. Wengine husema barua ya kwanza kabisa, kwa hoja kwamba hakuna anayemwandikia adui aliyeshindwa ila anataka kutazamwa naye. Wengine hungoja mpaka dhihaka ikome. Wapo pia wasioamini kamwe, nao waruhusiwe kuandika hivyo.

Mazungumzo yakikwama hapa, kumbusha kikundi kile ambacho fasihi yetu imekijua zamani. Washairi wa Mombasa wa enzi za Muyaka bin Haji walirushiana beti na wapinzani wao wa Lamu, na kila upande ulilazimika kumsoma mwenzake kwa makini kuliko rafiki anavyosoma, kwa kuwa asiyelielewa fumbo hawezi kulijibu. Red na Blue wamo katika hali hiyohiyo. Katika majeshi yote mawili hakuna mtu anayeijua kazi ya Red kwa undani kama Blue anayekesha akiivunja. Swali zuri la kuwatupia wanachama ni kama kuna mwingine yeyote, katika upande wake mwenyewe, aliyewahi kumwona Red namna hiyo. Wanaofanya kazi katika ofisi kubwa hulijibu swali hili haraka mno, tena kwa mifano ambayo utalazimika kuwaomba waifupishe.

Wapo watakaosema mapenzi yamekuja upesi. Waombe wapime kwa miaka badala ya kurasa. Kuna barua iliyoandikwa ndani ya pete za mti, na mti haukui kwa siku moja. Mwandishi wake alipaswa kukaa na wazo lile kwa muda ambao sisi hatuna. Kuna nyingine inayosomwa katika maji, ndani ya mashine ya hospitali ya kupiga picha za mwili. Kila njia ina gharama yake ya subira na ya hatari, na gharama hiyo ndiyo inayoelezwa katika zile kurasa ambazo wanaochoka huziruka. Akisikia hayo na bado akaona ni upesi, mwache na maoni yake. Mimi mwenyewe naona theluthi ya kwanza ina haraka kidogo.

Waliolia mwishoni ni wagumu kuongoza kuliko waliochoka mwanzoni. Furaha yao huwatoa siri zote mdomoni, na humtazama asiyemaliza kana kwamba ana upungufu. Weka sharti mapema kwamba mwisho wa hadithi haujadiliwi mpaka baada ya chai, na kwamba wasiomaliza wako huru kubaki na mandazi yao nje wakati huo. Mkifika hapo, usiwaulize walijisikiaje, kwa kuwa wamekwisha kusema. Waombe waonyeshe mistari ya mwanzoni ambayo mwisho ule ulikuwa umeitegemea tangu zamani. Kitabu hiki kinajirudia kwa makusudi, na aliyekipenda kwa dhati atafurahi kukifungua upya mbele ya watu.

Teua mtu mmoja aandike maoni, na aandike ukurasa, sababu, na kilichobadilika baada ya mazungumzo kama kipo. Nyota tano au tatu hazimsaidii yeyote. Maandishi hayo yasizidi ukurasa mmoja, na yatumwe kwa wote kabla ya Jumatatu, wakati kumbukumbu bado ni mbichi. Yatakusaidia kuchagua kitabu kinachofuata kwa kutazama watu walikwama wapi. Waliotaka hoja za jamii zaidi ya mapenzi wapewe Walenisi ya Katama Mkangi ya mwaka 1995, ambamo Dzombo anatiwa katika chombo cha angani kama adhabu ya kifo na kuishia katika nchi ya namna nyingine. Waliovutwa na barua peke yake, kama yule kijana wa penseli, waanze na zile ambazo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, ambazo zimekusanywa katika kitabu kimoja, na waje na kurasa walizosimama.